Bei Haisemwi

Nikisema ninaishi Melbourne, Australia, ndugu zangu wa Morogoro huniuliza mambo mawili: kangaruu na Formula One. La kangaruu linaisha haraka. La pili huja na wivu kidogo: "Kwa hiyo zile gari unaziona ukiwa nyumbani kabisa?" Ndiyo, naziona. Kutoka dirisha la jikoni kwetu, ghorofani South Melbourne, naona kipande cha njia katikati ya miti, na ambacho hakionekani kinasikika. Kwa kuwa naziona na kuzisikia kila mwaka, nina neno la kusema, na si la sifa.

Nianze na hili nisije nikaitwa mchawi wa furaha za watu. Mimi si adui wa magari. Baba alikuwa fundi wa malori, na utoto wangu wote nimelala nikisikia Scania inaunguruma uani. Injini inayovuta sawasawa ni kitu kizuri. Dereva anayejua ni wapi hasa pa kukanyaga breki, mita moja kabla ya kuharibu kila kitu, ni mtu wa kuvuliwa kofia. Nagombana na uzio, na zaidi ya uzio nagombana na karatasi.

Wengi walioko mbali hawajui kwamba uwanja wa mbio wa Melbourne si uwanja. Ni barabara za ndani ya bustani ya umma iitwayo Albert Park, zinazolizunguka ziwa, karibu kabisa na katikati ya jiji. Bustani ina hekta 225 hivi. Siku za kawaida unapita kwenye njia hiyo hiyo ya Formula One ukiwa na gari lako dogo lenye kiti cha mtoto nyuma, polepole, ukimsubiri bata maji mweusi avuke na watoto wake. Kuna viwanja vya mpira na vya kriketi, kuna wapiga makasia ziwani, kuna wazee wanaotembea kwa agizo la daktari. Na Jumapili asubuhi tupo sisi: Watanzania wachache, Wakenya, Wakongo wengi, Warundi, na Msomali mmoja aliyejifunza Kiswahili Kakuma anayekizungumza vizuri kuliko baadhi yetu. Tunaweka mabegi kuwa magoli, tunacheza mpaka mtu achoke au agombane.

Januari malori huanza kuleta vizuizi vya zege. Kimoja, viwili, kisha mamia. Vinafuata nyaya za uzio, majukwaa, madaraja ya muda, mahema, vyoo vya kukodi, jenereta. Kila wiki kipande kingine cha bustani kinafungwa. Mbio zenyewe ni Machi: siku nne za shughuli, na siku ya nne, Jumapili, gari hukimbia mizunguko 58 kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Halafu inaanza kazi ya kubomoa, wiki baada ya wiki. Piga hesabu mwenyewe. Kwa ajili ya saa moja na nusu, msimu mzuri kuliko yote wa kukaa nje katika jiji hili tunaupisha. Sisi tunaocheza bure ndio tunaopisha wa kwanza.

Misimu miwili nimefanya kibarua ndani ya uzio huo. Nilipewa reflekta, glavu na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, nikaokota chupa nyuma ya mahema ya wageni wa makampuni. Malipo hayakuwa mabaya na sina lawama nayo. Lakini siku ya kwanza niliposimama pale kupumzika, niliangalia mti, nikaangalia ziwa, nikapima kwa macho, nikajua nimesimama wapi. Hema lile, lenye zulia na meza za vitambaa vyeupe, lilikuwa limekaa juu ya boksi letu la penalti. Bustani ni yangu kwa miezi kadhaa. Machi naiingia kwa kitambulisho, kupitia lango la wafanyakazi, na msimamizi akaniambia nisikae kwenye nyasi.

Sasa tuje kwenye karatasi.

Mbio ziliwahi kufanyika humu zamani. Mashindano ya Grand Prix ya Australia yalikuja Albert Park 1953 na tena 1956, Stirling Moss akashinda hayo ya pili, na baada ya 1958 magari yakaondoka. Bustani ikabaki bustani kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwishoni mwa 1993 waziri mkuu wa jimbo la Victoria, Jeff Kennett, akisaidiwa na mfanyabiashara Ron Walker, alitangaza kwamba amezichukua mbio za Formula One kutoka Adelaide, jiji lililokuwa mwenyeji tangu 1985. Wakazi hawakuulizwa. Walisoma gazetini.

Mwaka uliofuata bunge la jimbo likapitisha sheria maalumu kwa ajili ya mbio hizo. Nimeisoma, kwa kamusi na kwa uvumilivu, na ningependa kila anayeota mbio nchini kwake aisome. Inaziondoa mbio kwenye sheria za mipango miji. Inaziondoa kwenye sheria za mazingira na za kelele. Inawafungia watu njia ya kudai fidia, na nyaraka muhimu inaziondoa kwenye sheria inayompa mwananchi haki ya kupata taarifa za serikali. Yaani mimi nikipiga muziki usiku polisi wanabisha hodi, na wako sahihi. Injini za mbio zikilia mchana kutwa mbele ya madirisha ya watu, sheria inasema hiyo si kelele.

Tangu lini kitu chenye manufaa kwa wote kikahitaji sheria ya kukikinga na wote?

Watu hawakukaa kimya. Walifunga tepe za njano kwenye miti iliyopangiwa kukatwa. Wazee wa heshima, walimu wastaafu, akina mama wenye vigari vya watoto walikaa chini mbele ya mashine, mamia wakakamatwa. Miti ikakatwa hata hivyo. Machi 1996 mbio za kwanza zilifanyika, Damon Hill akashinda, na picha iliyozunguka dunia ilikuwa ile ya gari la Martin Brundle likiruka hewani kwenye kona ya tatu na mwenyewe akitoka mzima, akikimbia kwenda kuchukua gari la akiba. Picha nzuri kweli. Tepe za njano hazikuingia kwenye picha hiyo. Chama cha Save Albert Park, kilichoanzishwa wakati huo, kipo mpaka leo. Wengi wa wanachama wake ni wazee sana, na baadhi ya watu hapa huwacheka kama tunavyowacheka wazee wanaoshitakiana mipaka ya mashamba. Mimi siwacheki. Wao ndio waliofanya kazi ya kuuliza bei.

Na bei haisemwi. Serikali ya jimbo inalipa ada kwa wenye mbio kila mwaka ili waje, na kiasi cha ada hiyo ni siri ya kibiashara. Tunachojua ni jumla ya fedha ambazo walipa kodi wanaziba baada ya mapato yote kuhesabiwa. Mwanzoni pengo lilikuwa dogo, milioni chache. Kufikia 2012 lilikuwa limepita dola milioni 50 za Australia. Miaka ya karibuni limekuwa likizunguka milioni 100 kwa mwaka. Mbio zinazidi kupendwa, majukwaa yanazidi kujaa, na pengo linazidi kupanuka. Mama yangu aliuza vitumbua miaka ishirini. Angeniuliza swali moja tu: biashara gani hii ambayo wateja wakiongezeka hasara inaongezeka?

Watetezi wana majibu, na si haki kuyaficha. Wanasema hoteli zinajaa, teksi zinapata, jina la jiji linaonekana duniani. Kweli hoteli zinajaa. Nina jirani anayetandika vitanda huko na wiki hiyo hupata saa nyingi za kazi. Kweli pia kwamba watu wanapenda. Tangu vipindi vya Netflix kuhusu madereva vitoke, na tangu Oscar Piastri, mtoto wa Melbourne, aanze kushinda, vijana wa kike na wa kiume wanakuja na kofia za rangi ya chungwa, na mwaka 2023 waandaaji walitangaza watu 444,631 kwa siku nne. Hapo nitaongeza neno dogo: kwa miaka mingi idadi hizo zilikuwa makadirio ya waandaaji wenyewe, si watu waliohesabiwa langoni. Ukinionyesha daladala nami nikakwambia kwa kukadiria imebeba watu mia mbili, utanicheka. Kuhusu manufaa kwa uchumi, aliyewahi kuyapima kwa macho ya nje ni Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa jimbo. Alizichukua mbio za 2005, akaweka faida upande huu na gharama upande ule, na taarifa yake ya 2007 ikasema gharama zilizidi kwa dola milioni 6.7. Hiyo ni wakati pengo lilikuwa sehemu ndogo tu ya hili la leo.

Lakini hata kama hesabu ingetoka sawa, nisingetulia, na sababu yake ni mwaka 2020.

Machi 12 mwaka ule, siku ya Alhamisi, mfanyakazi wa timu ya McLaren alikutwa na korona na timu ikajitoa. Siku hiyo hiyo Lewis Hamilton aliulizwa mbele ya waandishi kwa nini mbio bado zipo wakati dunia inafunga milango. Alijibu kwamba pesa ndiyo mfalme. Usiku kucha wakubwa walijadiliana: nani anafuta, nani analipa, mkataba unasemaje. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 13, watu walikuwa wamejipanga kwenye malango ya bustani, tiketi mkononi, wamebanana, hakuna aliyewaambia kitu. Mbio zilifutwa mnamo saa nne asubuhi wao wakiwa kwenye foleni. Ilibidi muda utolewe, kwa sababu mkataba ni kitu cha kuheshimiwa.

Miezi minne haikupita. Jumamosi, Julai 4, alasiri, serikali ya jimbo hilo hilo ilitangaza kwamba maghorofa tisa ya nyumba za umma huko Flemington na North Melbourne yanafungwa. Si kesho. Sasa hivi. Watu wapatao 3,000, wengi wao wakimbizi na wahamiaji, wengi wao Waafrika, hawakuruhusiwa kutoka mlangoni hata kwenda kununua maziwa. Polisi walifika kabla ya maelezo. Kipa wetu alikuwa ghorofa ya juu katika mojawapo. Alitupigia simu akihesabu taa za buluu pale chini, akaacha kuhesabu. Maghorofa manane yalifunguliwa baada ya siku tano, la tisa likakaa wiki mbili. Desemba, Ombudsman wa jimbo, yaani afisa anayepokea malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali, alitoa taarifa: kuwafungia watu papo hapo, bila hata kuwapa nafasi ya kununua chakula na dawa, hakukutokana na ushauri wa kitabibu, na kulikiuka sheria ya haki za binadamu ya jimbo.

Sisemi korona ilikuwa mchezo. Nasema kwamba mwaka ule ule niliona serikali moja ikiwa na mwendo wa aina mbili. Mbele ya wenye mbio ilikesha. Mbele ya kipa wetu haikuhitaji hata robo saa.

Mtu ataniambia hiyo ilikuwa dharura. Sawa, tuchukue mwaka usio na dharura. Desemba 2022 mkataba wa mbio, uliokuwa umeshaongezwa hadi 2035, ulisogezwa tena hadi 2037. Julai 2023 serikali hiyo hiyo ilitangaza kwamba haitaandaa tena Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2026. Ilikuwa imepangiwa miji ya mikoani, Geelong, Ballarat, Bendigo na mingineyo, na vijana wetu walishaanza kupanga nani ataendesha gari kwenda kuwaona wakimbiaji wa Kenya na Tanzania. Gharama zimepanda mno, tuliambiwa, dola bilioni 6 au 7 haziwezekani. Kuvunja ahadi hiyo kuligharimu dola milioni 380 za fidia. Sikulaumu uamuzi, kama huna, huna. Nilishangaa tu kuona kwamba mkataba unaweza kuvunjwa.

Septemba mwaka huo ikaja zamu yetu. Maghorofa yote 44 ya nyumba za umma jijini Melbourne, tuliambiwa, yatabomolewa na kujengwa upya, kazi ya kumalizika 2051. Watu kama 10,000 wanaishi humo. Maghorofa ya South Melbourne yamo kwenye orodha, na langu ni mojawapo. Kwa hiyo ukitazama kutoka dirisha langu la jikoni unaona vitu viwili vya serikali: bustani ambayo imeahidiwa kwa magari mpaka 2037, na jengo ambalo wakazi wake hawajui watakaa wapi. Kwenye mikutano ya wakazi kila mara mtu husimama akauliza tutahamishiwa wapi, na kwa muda gani, na kama tutarudi. Hujibiwa kwa upole sana.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye hesabu yoyote, nami nalitaja kwa kuwa hakuna atakayelitaja. Ili kunogesha wikiendi ya mbio, jeshi la anga huleta ndege ya kivita. Inapita chini, inageuka juu ya ziwa, inapanda wima kwa mngurumo unaotetemesha vikombe kabatini. Kwa waliolipa tiketi ni burudani. Kwenye lifti yetu mna mama mmoja wa Kivu ya Kaskazini ambaye amekaa Melbourne miaka mingi, ana wajukuu wanaoongea Kiingereza cha hapa kama ndege. Ijumaa moja ya Machi nilimkuta kwenye ngazi za dharura, ghorofa ya nne, amekaa na mkoba wake mapajani. Nikamwambia, "Mama, ni ya mchezo ile." Akasema, "Najua, mwanangu. Miguu ndiyo haijui." Alikaa pale mpaka jioni. Kipeperushi cha mbio kilichotumwa kwenye masanduku yetu ya barua kilikuwa na saa za kufungwa kwa barabara na ushauri wa kutumia tramu.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu. Desemba 2024 Rais Paul Kagame alitangaza, mjini Kigali, kwamba Rwanda inaomba kuandaa Grand Prix. Habari iliingia kwenye kundi letu la WhatsApp la mpira, na siku mbili halikukalika. Nusu walishangilia. Afrika haijaona mbio hizi tangu Kyalami, Afrika Kusini, 1993. Hamilton amekuwa akidai kwa miaka zirudi barani, na dunia inayojiita ya dunia nzima huku ikiruka bara zima ni aibu yao, si yetu. Wakongo wetu walikuwa na hasira yao nyingine, na Februari 2025 serikali yao ikawaandikia wakubwa wa Formula One kuwataka waachane na mazungumzo hayo kwa sababu ya vita vya mashariki. Tulikaribia kuvunja timu.

Mimi nilikuwa na swali ambalo halikumfurahisha yeyote: bei gani, na nani ataiona? Siulizi kwa dharau. Nimeshachoka na wale wanaosema Waafrika wasiandae kitu mpaka wamalize kuchimba visima, wakati wao wenyewe wana maghorofa yanayovuja na wanaandaa. Wanyarwanda wakitaka mbio, wawe nazo. Lakini Victoria ni jimbo tajiri, lenye bunge, mahakama, magazeti, mkaguzi wa hesabu na wazee wenye tepe za njano, na karibu miaka thelathini baada ya mbio za kwanza serikali bado inaiita ada hiyo siri ya kibiashara. Hapa hoja si umaskini wala utajiri. Mwenye mbio ana miji mingi inayogombania tarehe moja kwenye kalenda, na mji unaouliza sana unaambiwa kuna mwingine nyuma yake kwenye foleni. Melbourne iliichukua tarehe ya Adelaide kwa njia hiyo hiyo, na inalipa kila mwaka ili isije ikachukuliwa nayo.

Ninachotaka hapa ni kidogo. Ada iandikwe hadharani kama inavyoandikwa bei ya tramu. Ile sheria ya 1994 ipelekwe tena bungeni, na anayetaka kelele aombe kibali cha kelele kama tunavyoomba wengine tukiwa na harusi. Watu wahesabiwe langoni. Siku za kufunga bustani zipunguzwe, au, kama mbio ni tamu kiasi hicho, zijengewe uwanja wake nje ya jiji. Australia haina upungufu wa ardhi. Na ile ndege ibaki kambini.

Sitegemei kujibiwa kabla ya msimu ujao. Tumeshakubaliana kwamba Januari vizuizi vikianza kushushwa tutahamia uwanja wa shule moja huko Footscray, ikiwa mwenye ufunguo atapokea simu. Nyasi zake ni mbovu na upande mmoja una mteremko, kwa hiyo tutabadilishana magoli kila baada ya dakika kumi na tano.